Usiku Kumi na Moja

Uyole, mwezi wa saba. Baridi inang'ata hadi mifupa ya vidole,
na LUKU yetu, moja kwa vyumba vitano,
imeanza kulia tena, pii, pii,
siku nne tu tangu tuchangishane.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Mimi ndiye ninayebofya zile tarakimu ishirini
tochi ikiwa kwapani, pumzi ikitoka moshi.
Na mimi ndiye niliyesimama uani asubuhi ile, nikasema:
"Kuna mtu humu taa yake hailali."
Sikutaja jina.
Macho yalitaja.

Bibi Subilaga hakuacha kuanika nyuzi zake za sufu.
"Nafuma, mwanangu," akasema.
"Usingizi wangu mimi uliolewa mbali,
haurudi hata kusalimia."

Sekela wa chumba cha nne, anayesomea umeme VETA,
akaweka chini ndoo yake.
"Tusilaumiane gizani. Leteni vyombo."

Tukaleta. Ua ukawa kama mnada:
pasi, redio, chaja zilizofungwa gundi,
sabufa ya Gwamaka yenye dhahabu usoni: WATI 8000.
Sekela akaigeuza.
Mgongoni, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
45.
"Chombo hujisifu usoni," akasema, "kweli yake iko mgongoni."
Gwamaka akaitazama sabufa
kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Wati," Sekela akasema, "ni ukubwa wa tonge.
Ukitaka kujua nani kamaliza ugali,
uliza pia amekaa mezani muda gani.
Pasi hii humega tonge kubwa, kisha hupumzika;
mnaona kijitaa chake kinavyozimika?
Mwingine anadonoa punje usiku kucha.
Mwingine anameza sinia zima
kabla hamjamaliza kunawa."

Akaokota kipande cha mkaa, akaandika ukutani.
Taa ya Bibi: wati tisa.
Saa kumi za giza. Tisini.
Birika langu: elfu moja mia nane.
Dakika tatu za kuchemsha chai. Tisini.

Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyenisaidia.
Kwa siku nachemsha mara sita.

"Na chumbani kwa mwenye daftari," akauliza,
bado ameupa ukuta uso,
"hakuna kingine?"

Kulikuwa na kingine.
Chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa mbolea,
hita ya ndoo, ile ya kujikunja kama nyoka aliyeshiba.
Nikaileta nimeishika mkia.
Wati elfu mbili. Nusu saa, kila alfajiri.
Yuniti nzima.

Elfu moja, gawa kwa tisini.
Mkaa ulikwaruza, ukasita:
kumi na moja, na kijisalio.

Kumbe kila alfajiri, ninyi mkiwa mmelala,
nilikuwa nikijimwagia kichwani
usiku kumi na moja wa mwanamke huyu,
kisha najifuta, navaa sweta, natoka kumshitaki.
Sweta lenyewe alifuma yeye.
Kola yake bado haijalegea.

Bibi hakusema kitu. Aligeuza nyuzi upande wa jua,
jua lenyewe la Uyole, la kuazima.

Sitawadanganya kwamba niliitupa hita.
Maji ya huku mwezi wa saba hayana utani na mtu.
Nilichora mstari mpya kwenye daftari, jina langu peke yake,
na ule wa Bibi nikaufuta hadi karatasi ikatoboka.

Jana saa nane za usiku nilitoka kwenda msalani.
Mwanga ulikuwa umelala chini ya mlango wake,
mwembamba kama uzi,
na sindano zikigongana, tik, tik, bila haraka.
Nikasimama pale na baridi yangu.
Kama dakika tatu hivi.
Birika lingekuwa limeshachemka.